Kasoma Vizuri, Lakini Kitabu Kimesema Nini?

Likizo ya Agosti iliyopita mtoto wa kaka yangu, aliye Gredi ya Tatu katika shule moja mjini Kisumu, alipelekwa kwa mama yangu kule Seme. Jioni ya kwanza akatoa kitabu chake cha Kiingereza, akasogea karibu na taa, akasoma ukurasa mzima bila kukwama. Alisoma kama mtu anayekimbizwa. Majirani wawili waliokuja kutusalimu wakampigia makofi. Mama, ambaye wajukuu wote humwita dani, hakupiga. Alimwuliza kwa Dholuo, lugha ya Wajaluo, "Owacho ni ang'o?" Yaani, kimesema nini?

Mtoto akautazama ukurasa, akameza mate, akaanza kuusoma upya. Mara hii kwa sauti kubwa zaidi.

Dani hajui Kiingereza. Lakini swali lake ndilo ambalo watafiti wa usomaji wamekuwa wakilizunguka kwa miongo kadhaa, na ndilo tunalolisahau kila unapozuka ule ubishi wetu wa siku zote: mtoto afundishwe kusoma kwa lugha gani? Mmoja atasema Kiingereza, kwa kuwa mtihani ni wa Kiingereza. Mwingine atasema lugha ya mama, kwa kuwa ndivyo wataalamu walivyosema. Wa tatu atasema Kiswahili, kwa kuwa ni cha wote. Wanapishana bila kukutana kwa sababu neno "kusoma" tunalitumia kwa mambo mawili tofauti, na kila mmoja ameshika lake.

Huzidishwa, hazijumlishwi

Mwaka 1986 watafiti wawili, Philip Gough na William Tunmer, walitoa maelezo ya usomaji ambayo ni mepesi kiasi cha kuudhi. Walisema kusoma kwa kuelewa hutokana na nguvu mbili: kuweza kugeuza herufi kuwa maneno, na kuweza kuielewa lugha yenyewe inaposikika. Kisha wakaongeza jambo lenye uzito kuliko yote: nguvu hizo hazijumlishwi, huzidishwa. Mwenye kumi upande mmoja na sufuri upande wa pili anabaki na sufuri.

Jijaribu mwenyewe. Soma kwa sauti: Nyathi dwaro chiemo. Kama umezaliwa Njoro au Molo na hujawahi kuishi na Wajaluo, umeisoma sentensi hiyo vizuri tu, maana herufi zake unazijua. Inasema mtoto anataka chakula. Kwako ilikuwa sauti tupu. Mtoto huyo angelia mbele yako mpaka kesho. Sasa mtazame mzee wa Seme ambaye hakwenda shule: akiambiwa maneno hayo atainuka kwenda jikoni, lakini ukimwandikia kwenye karatasi ataigeuza huku na huku. Wewe una herufi, yeye ana lugha, na nyote wawili hamjasoma.

Basi mtoto wa kaka yangu hakukosa herufi. Alikosa Kiingereza. Aliposhindwa kujibu akapandisha sauti, na hiyo ilikuwa dawa ya ugonjwa asiokuwa nao. Nimewaona walimu nao wakiandika dawa hiyo hiyo: mtoto haelewi kifungu, anaambiwa akisome tena. Na tena.

Ukilishika hili moja, mengi ya ubishi ule yanaanza kufunguka. Suala la herufi na suala la lugha yana ratiba tofauti. La kwanza ni la miezi au miaka michache, ikitegemea mwandiko wa lugha husika. La pili ni la miaka mingi.

Kwa mwandiko, Kiswahili kimebarikiwa. Ba ni ba popote utakapoikuta, iwe mwanzoni mwa neno au mwishoni. Mwaka 2003 Philip Seymour na wenzake walichapisha ulinganisho wa watoto wa Ulaya waliokuwa wakimaliza mwaka wa kwanza wa kujifunza kusoma. Katika lugha nyingi ambazo huandikwa kama zinavyotamkwa, watoto walisoma sawasawa maneno zaidi ya 90 kati ya 100. Watoto wa Uskoti, waliokuwa wakisoma Kiingereza, tena lugha yao wenyewe, walipata kama 34. Kiswahili hakikuwamo kwenye ulinganisho huo, lakini mtu yeyote aliyewahi kuimba ba-be-bi-bo-bu anajua kimesimama upande gani. Mtoto wa mtaa wa Nyalenda, Kisumu, anayeanzia Kiingereza anaanzia kwenye mwandiko mgumu kuliko yote ya ulinganisho ule, kwa lugha ambayo hata nyumbani haizungumzwi. Na akishaifungua siri ya herufi kwa Kiswahili haifungui tena upya. Anaihamishia Kiingereza, kisha anajifunza tu ukaidi wa Kiingereza, neno kwa neno.

Debe na gunia

Siku hizi usomaji hupimwa kwa saa. Mtoto hupewa kifungu, mtahini anahesabu maneno aliyoyasoma sawa kwa dakika moja. Kwetu Kenya kiwango cha msomaji fasaha wa madarasa ya chini kiliwekwa kuwa maneno 45 kwa Kiswahili na 65 kwa Kiingereza. Mzazi akisikia hivyo hudhani Kiswahili kimehurumiwa.

Hakikuhurumiwa. Litazame neno "hatukumwelewa". Ndani yake kuna kukanusha, kuna sisi, kuna wakati uliopita, kuna yeye, na mwisho kuna kuelewa. Kiingereza hubeba mzigo huo kwa maneno matano. Anayesema mtoto amesoma Kiingereza zaidi kwa sababu hesabu ni kubwa ni sawa na anayesema mwenye madebe sita ana mahindi mengi kuliko mwenye magunia manne.

Lakini hata saa ikitumiwa vizuri, kasi ni nusu ya habari. Mwaka 2016 Benjamin Piper, Leila Schroeder na Barbara Trudell walichapisha utafiti uliowapima watoto wa Kenya katika Kiingereza, Kiswahili na lugha ya nyumbani, ambayo kwa baadhi ilikuwa Dholuo na kwa wengine Kikuyu. Kiingereza ndicho walichokisoma kwa kasi zaidi. Walipoulizwa maswali ya ufahamu, walielewa zaidi Kiswahili na lugha zao za nyumbani, ijapokuwa walizisoma polepole.

Huyo ni mtoto wa kaka yangu, kapimwa na kuandikwa kwenye jarida.

Kwa nini wawe wepesi zaidi katika lugha wasiyoielewa? Kwa maoni yangu, sababu ni mazoea tu. Maneno ya Kiingereza wameyaona ubaoni, vitabuni, kwenye mifuko ya sabuni, mpaka sura zake zimewakaa. Neno la Dholuo wengi hawajawahi kuliona limeandikwa, isipokuwa kwenye Biblia na kitabu cha nyimbo. Halafu mwandiko wa Dholuo una mitego yake: herufi za irabu ni tano lakini irabu zenyewe ni tisa, na toni haiandikwi. Msomaji lazima asubiri maana imsaidie. Kusoma hivyo ni kazi ya polepole hata kwa mtu mzima.

Vitabu vya Busia, walimu wa Bungoma

Sehemu hii ya magharibi ya Kenya imefanyiwa majaribio ya elimu kuliko watu wengi wa huku wanavyojua, na mawili kati yake yanahusu lugha.

La kwanza halikukusudiwa kuwa la lugha kabisa. Kuanzia mwaka 1996, shule kadhaa za msingi za Busia ziligawiwa vitabu vya kiada, shule zenyewe zikiwa zimechaguliwa kwa bahati nasibu ili zilinganishwe na nyingine ambazo hazijapewa. Vitabu vilikuwa haba. Watoto wengi walikuwa wakigombea kimoja. Kila mtu alitarajia alama zipande. Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin walipochambua matokeo, wakakuta kwamba kwa wastani alama hazikupanda. Waliofaidika ni wale waliokuwa tayari mbele darasani. Vitabu vilikuwa vile rasmi vya serikali, vya Kiingereza, na kwa watoto wengi wa Busia Kiingereza ni lugha ya tatu. Walikabidhiwa vitabu ambavyo hawakuweza kuvisoma. Kremer baadaye, mwaka 2019, alikuwa mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Nobeli ya uchumi kwa majaribio ya namna hii. Mimi kila nikisikia mwanasiasa akiahidi vitabu kwa kila mtoto huikumbuka Busia.

La pili lilikuwa la lugha moja kwa moja, na matokeo yake yanawakera watu wa pande zote, ndiyo maana nalipenda. Kuanzia mwaka 2011 Kenya ilifanya majaribio ya mradi wa kusoma na hesabu uliojulikana kama PRIMR, ambao Nakuru na Kisumu zilikuwa miongoni mwa maeneo yake, na ndio uliozaa Tusome, mpango wa kitaifa wa kufundisha kusoma ulioanza mwaka 2015. Katika Bungoma na Machakos kukaongezwa tawi la lugha ya mama: baadhi ya shule zilifundisha kusoma kwa Lubukusu au Kikamba pamoja na Kiswahili na Kiingereza, nyingine zikaendelea na Kiswahili na Kiingereza pekee kwa mbinu zilezile.

Watetezi wa lugha ya mama walitarajia ushindi wa wazi. Waliupata kwa nusu. Watoto waliofundishwa kwa lugha ya mama walisoma lugha hiyo vizuri zaidi. Lakini kwa Kiswahili na Kiingereza hawakuwapita wenzao wa mradi uleule waliosoma bila Lubukusu wala Kikamba. Na kwenye hesabu walikuwa nyuma kidogo.

Wapo waliolichukua tokeo hilo kusema basi lugha ya mama haina faida. Wamesoma kama mtoto wa kaka yangu, haraka. Watoto wale waliongezewa lugha ya tatu ya kusoma, na Kiswahili na Kiingereza chao hakikushuka. Ule wasiwasi wa wazazi kwamba Lubukusu "itamchanganya mtoto" haukuonekana kwenye usomaji. Kuhusu hesabu, nina dhana yangu, nayo ni dhana tu: mtoto wa Bungoma husikia bei sokoni kwa Kiswahili na Kiingereza. Hamsini ni hamsini hata katikati ya sentensi ya Lubukusu. Kumhesabia kwa maneno anayoyasikia kwa nadra huenda kulimwongezea safari.

Lugha ya boda na lugha ya darasa

Kuna jambo jingine ambalo jaribio la muda mfupi haliwezi kulionyesha, na hapa lazima nimlete Jim Cummins. Mwaka 1979 alitofautisha lugha ya mazungumzo ya kila siku na lugha ya masomo. Uchunguzi wake kuhusu watoto wa wahamiaji kule Kanada ulionyesha kwamba mazungumzo mtoto huyaweza kwa miaka miwili hivi. Lugha ya masomo, yenye kueleza, kulinganisha na kutoa sababu kwa maandishi, huchukua mitano hadi saba. Cummins alisema pia kwamba lugha mbili za mtu mmoja hushirikiana kwa chini: anayejua kupanga hoja kwa lugha yake ya kwanza haanzi upya kuipanga kwa ya pili, anahitaji maneno tu.

Sisi wa magharibi huwa tunaifikiria tofauti hiyo kwa Kiingereza. Tunasahau kwamba kwa wengi wetu Kiswahili nacho ni lugha ya pili. Mtoto wa Kondele anabishana na mwenye boda kuhusu nauli, ananunua omena soko la Kibuye, anatania, anatukana pia, vyote kwa Kiswahili. Mzazi anasema huyu Kiswahili anakijua. Kisha anapata alama 38 kwenye Kiswahili na nyumba nzima inashangaa. Anachokijua ni "hii kitabu yangu imepotea." Darasa linataka "kitabu changu hiki kimepotea", halafu linamtaka aandike insha, afupishe habari, aeleze methali.

Makosa kama hayo yana historia ya kupendeza kwa watafiti. Zamani yalichukuliwa kuwa uzembe. Mwaka 1967 Pit Corder akaandika kwamba makosa ya mwanafunzi ni ushahidi wa kanuni anazojijengea, na mwaka 1972 Larry Selinker akaeleza kwamba mwanafunzi wa lugha ya pili huwa na lugha yake ya katikati, yenye utaratibu wake, isiyo ya nyumbani wala ya kitabuni. Dholuo haina ngeli kama za Kibantu. Kwa mtoto wa Seme, wazo lenyewe kwamba kitabu kinalazimisha "changu" na mti unalazimisha "wangu" ni geni. Lazima alijenge kutoka msingi. Mbukusu anazo tayari: kwao ni sitabu na bitabu. Yeye hubadilisha kibao cha mlango tu.

Walimu wengi huishia hapo, wakagawa makosa kwa makabila. Ila "hii kitabu yangu" utaisikia Nakuru kwa Mkikuyu, Eldoret kwa Mkalenjin na Kakamega kwa Mluhya mwenye ngeli zake kamili. Hiyo si Dholuo inayopenya. Ni Kiswahili cha bara jinsi kinavyozungumzwa, na mtoto amekipata kwa watu wazima wanaomzunguka. Hakukosea alichosikia.

Matamshi nayo yanahitaji uangalifu. Dholuo haina sauti ya "sh" wala "z". Mtoto akiona "shamba" akatamka "samba", kisha ukimwuliza ni kitu gani akakuonyesha mahindi ya nyanya yake, ameisoma. Mtahini anayemkata alama amepima ulimi, hakupima usomaji. Mimi ni wa kizazi cha disk, kile kipande cha mbao tulichovishwa shingoni tukikamatwa tunazungumza lugha ya nyumbani, na najua jinsi mtoto anavyojifunza kunyamaza akishagundua kwamba mdomo wake ndio unaomponza. Nilinyamaza darasa la nne karibu lote. Ripoti yangu ya muhula iliandikwa kwamba nina nidhamu nzuri.

Lugha ya mama, mama yupi?

Sera yetu kwenye karatasi ni ya siku nyingi. Ripoti ya Tume ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza madarasa matatu ya mwanzo yafundishwe kwa lugha inayozungumzwa katika eneo la shule, na mtaala wa umilisi nao una somo la lugha za kiasili kwa gredi za chini. Ukiingia darasani hukuti hivyo. Trudell na Piper walilichunguza hilo na kukuta Kiingereza kimetawala madarasa ya chini, sheria iseme isemavyo. Wazazi wanakitaka, walimu wanajua mtihani utakuja kwa lugha gani, na kitabu cha hesabu kilicho mezani ni cha Kiingereza.

Halafu kuna Nakuru. Darasa moja lina Mkikuyu, Mkalenjin, Mkisii, Mjaluo na Mluhya, na wengine ambao baba na mama ni wa makabila mawili na nyumbani wanapatana kwa Kiswahili. Mtoto wa nyumba hiyo akiulizwa lugha ya mama atajibu Kiswahili, tena kile cha "hii kitabu yangu", na atakuwa amesema kweli. Ripoti ya Gachathi yenyewe inamruhusu, kwa sababu ilizungumzia lugha ya eneo, si ya damu. Kwake yeye kuanzia Kiswahili ni kuanzia nyumbani. Kwa mtoto wa Seme ni hatua ya pili, na kwa wa Bungoma iko katikati, kwa kuwa Lubukusu na Kiswahili ni ndugu. Kuwapangia watatu hao njia moja kutoka Nairobi ndiko kunakotuingiza kwenye ubishi usiokwisha.

Linalowezekana nyumbani halihitaji sera. Baada ya mtoto kusoma, mwulize kimesema nini, na umruhusu ajibu kwa lugha yoyote aliyo nayo. Kusoma kwa Kiingereza na kueleza kwa Dholuo si udanganyifu. Ni njia ya kujua kama ile nguvu ya pili ipo au ni sufuri. Akishindwa kwa lugha zote, kifungu hakukielewa. Akiweza kwa lugha ya nyumbani, anachokosa ni maneno ya Kiingereza ya kujieleza, na hayo unaweza kumpa.

Jioni ya pili kule Seme tulikisoma kile kifungu pamoja, nikimpa maana ya maneno sita au saba. Kilikuwa kuhusu mbuzi aliyekula nguo zilizoanikwa. Kisha akamgeukia dani, akamsimulia kwa Dholuo, mikono ikiruka.

"Mbuzi wa nani?" dani akauliza.

Mtoto akasita. Akachukua kitabu, akarudi mwanzo wa ukurasa, akapitisha kidole mstari kwa mstari, kimya, polepole kuliko nilivyowahi kumwona akisoma. Akafika mwisho. Akarudi juu tena.

"Hawajasema," akajibu.

"Sasa nguo italipwa na nani?"

Akafungua ukurasa wa pili kutafuta.